Baada ya Moto wa Msamvu

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, watu wakiwa kwenye maandalizi ya Idi, lori la mafuta lilipinduka jirani na stendi ya Msamvu hapa Morogoro. Petroli ikamwagika. Waliokuwa na madumu wakachota, waliokosa madumu wakaleta ndoo, wengine wakasogea kutazama tu, na bodaboda, ambao popote panapotokea jambo ndio wa kwanza kufika, wakajaa. Kisha moto ukalipuka, ukawachukua wachotaji na wapita njia kwa pamoja. Waliokufa siku ile walikuwa makumi. Wengine waliendelea kufa wodini, hapa mjini na Muhimbili walikohamishiwa, mpaka idadi ikavuka 100. Zikatangazwa siku tatu za maombolezo ya kitaifa. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaongoza mazishi katika makaburi ya Kola. Miili mingine haikutambulika kwa macho, ndugu wakachukuliwa sampuli za vinasaba.

Mimi ni mnasihi. Wiki ile sikushika bandeji wala dripu. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye benchi na ndugu waliokuwa wakisubiri kuitwa majina. Nilikuwa na maji ya chupa, tishu, na majibu machache sana. "Dada, wangu alivaa saa mkono wa kulia, mmeiona?" Mzee mmoja alikuwa kashika raba moja ya mguu wa kushoto, hakusema kaitoa wapi. Mama wa makamo akanieleza jinsi mwanawe alivyoamka, alivyokunywa chai, alivyowasha pikipiki, kwa sauti ya mtu anayekusomea bei za sokoni. Hakutoa chozi. Nyuma yangu nikasikia mtu akinong'ona kwamba yule mama ana moyo mgumu. Haukuwa ugumu wa moyo. Pale kwenye benchi ulikaa mwili tu, mwenyewe alikuwa keshaondoka.

Daktari Mfaransa Pierre Janet aliieleza hali hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1889, na waliomfuata wamekuwa wakiongezea. Mwili ukivamiwa na hatari unapigana au unakimbia. Pasipo nafasi ya kupigana wala ya kukimbia, unazima. Ni kama umeme ukizidi, swichi kubwa inajikata ili nyumba isiungue. Maumivu yanapungua, sauti zinasogea mbali, muda unavutika au unakatika kabisa, na mtu anaweza kujitazama mwenyewe kana kwamba anamtazama jirani. Siku ya tukio huo ni msaada mkubwa, na wapo walio hai kwa sababu yake. Shida ni pale swichi inapoendelea kujikata kila siku, kwa harufu, kwa honi, kwa mlango uliobamizwa, miezi na miaka baada ya hatari kupita.

Wanaokuja kwangu wanaisimulia kila mmoja kwa namna yake. "Najiona niko juu ya bati, nawatazama." "Mikono hii nikiiangalia siijui ni ya nani." "Mke wangu anaongea, mimi naona midomo tu." Nyumbani watasema kapandisha mapepo, au kachanganyikiwa, na bado wapo wanaotishiana Mirembe, ile hospitali ya Dodoma ambayo jina lake tumeligeuza tusi. Sigombani na anayempeleka mgonjwa wake kwenye maombezi au kwa mganga, almuradi hapigwi, hafungwi kamba na hanyimwi chakula. Nitagombana na anayemwambia mtu karukwa na akili wakati akili yake iko kazini inamlinda, tena kwa bidii iliyopitiliza.

Haya yote niliyajua, na nilikuwa nayafundisha. Kisha yakanianza mwenyewe.

Nilikuwa naishi Kihonda, na kutoka mjini kwenda Kihonda kwa daladala huwezi kuikwepa Msamvu. Miezi kadhaa baada ya moto nikaanza kupitiliza kituo changu. Nakumbuka nimepanda, nimelipa nauli, tumekaribia mzunguko wa Msamvu, kinachofuata ni konda anagonga bati: "Mama, mwisho wa gari! Unashuka au unarudi nasi?" Katikati hapo hapana kitu. Sikulala, maana aliyelala huamka na usingizi machoni. Nyumbani nikawa natia chumvi mara mbili, au sitii kabisa. Mwanangu wa mwisho ananiita jina, namsikia kama yuko nyumba ya tatu, na yupo magotini pangu. Jiko la mchina likiwashwa, harufu ya mafuta ya taa inanikata miguu. Mume wangu ni mtu mpole, aliniuliza siku moja, bila ukali, "Mama Neema, ukienda huko huwa unaenda wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Mtu anaweza kudhani mwenye elimu ya jambo ana kinga nalo. Hana. Naweza kukuchorea ubongo ubaoni, nikakuonyesha sehemu inayopiga king'ora na inayotunza kumbukumbu, na harufu ya petroli ikipita dirishani nikaondoka chaki ikiwa mkononi.

Katika kazi yetu mnasihi naye ana mtu wake wa kumwendea. Wangu ni mama mmoja mstaafu wa Dar es Salaam, mkali kama ndimu. Nikaanza kumsimulia benchi, saa, raba ya mguu wa kushoto. Akanikatiza. "Simulizi weka pembeni. Niambie nyayo zako zinagusa nini." Nikasema sakafu. "Ya baridi au ya moto?" Ikabidi nisikilize ndipo nijibu. Kikao cha kwanza chote kilikwenda hivyo, na nakiri kilinikera.

Alikuwa anafuata njia inayojulikana. Judith Herman, daktari wa akili wa Marekani, aliipanga vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1992: kwanza usalama, ndipo kukumbuka na kuomboleza, ndipo kurudi kwa watu. Sisi tuna haraka ya hatua ya pili. Msiba ukitokea kila mwenye maikrofoni anataka kusikia "ilikuwaje": mwandishi wa habari, mchungaji, afisa wa shirika mwenye fomu. Na mtu anasimulia, tena vizuri, kwa mpangilio, kwa sababu hayupo. Akimaliza, wasikilizaji wanapata nafuu na yeye anarudi nyumbani mtupu zaidi kuliko alivyokuja. Ndiyo maana siku hizi mtu akifika kwangu akamwaga yote ndani ya nusu saa ya kwanza, napata wasiwasi kuliko akikaa kimya.

Nafuu yangu ilianza na karafuu. Kwetu ni upande wa Matombo, kule Uluguru ya mashariki. Ukitoka Bigwa unapita Kiroka na Mkuyuni, barabara inapanda na kushuka, na kila kaya ina chochote chenye harufu: karafuu, mdalasini, pilipili manga. Nikawa nafunga karafuu chache kwenye pindo la kanga. Daladala ikikaribia Msamvu natafuna moja. Inauma ulimi, inapanda puani, na ile sekunde ambayo ningeondoka nakuwa na kazi mdomoni. Hakuna uganga hapo. Harufu ina njia fupi sana ya kufika kwenye kumbukumbu, fupi kuliko neno. Petroli ilikuwa inanivuta kule, nami nikaweka kitu cha kunivuta huku. Wapo wanaotumia ndimu, wapo wanaoshika barafu, kijana mmoja anatumia Viksi. Chochote kinachosema leo ni leo kinafaa.

Lakini karafuu ni breki tu. Kilichonirudisha kwangu mwenyewe ni udongo, na sikuutafuta; nilikuwa nimeenda likizo.

Bibi yangu mmoja, dada wa mama yake mama, ni mfinyanzi. Waluguru tunafuata ukoo wa mama, kwa hiyo huyo ndiye bibi hasa, uwanja wake ni uwanja wangu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniangalia muda mrefu kidogo kuliko ilivyo desturi. "Mjukuu wangu, umekonda macho." Nikamwambia sijisikii vizuri, nazimikazimika. Hakuniuliza kwa nini. Akanisukumia bonge la udongo. "Kanda. Toa mawe."

Kutoa mawe ni kazi ya vidole, macho hayasaidii. Unakanda, unahisi kokoto, unaitoa, unaendelea. Kisha unachanganya na unga wa vigae vya vyungu vilivyovunjika, vilivyotwangwa, ili chungu kisipasuke motoni. Unakalisha kitako, unaviringa udongo kama mkia, unauzungusha juu ya kitako, mmoja juu ya mwingine, unaubana kwa kidole gumba ndani huku mkono wa pili umeshika nje. Halafu unakwangua kwa gunzi la hindi mpaka ukuta ulingane, na ukishaanza kukauka unausugua kwa jiwe laini la mtoni. Mikono miwili inafanya kazi mbili tofauti kwa wakati mmoja na lazima ijuane.

Chungu changu cha kwanza kilibonyea ubavuni. Bibi akapitisha kidole, akasimama mahali fulani ukuta ulipokuwa mwembamba kama ganda la yai. "Hapa uliondoka," akasema, akaubomoa.

Nimekaa kwenye mafunzo mengi na sijawahi kupata kipimo kama kile. Udongo ulikuwa umeandika dakika ambayo sikuwepo, na mahali ilipotokea ningeweza kupagusa. Siku zilizofuata nikaanza kuhisi kabla: vidole vinapoa, sauti ya kuku uani inasogea mbali, na kabla ukuta haujawa mwembamba nabana kidole gumba, narudi. Hakuna aliyenifundisha kurudi. Nilipenda chungu kisibomolewe, basi.

Kuchoma ndiko kulikonipa shida. Vyungu vinapangwa uwanjani, vinafunikwa kuni, magome na nyasi kavu, vinawashwa. Moshi ulipopanda nikajua nikikaa pale nitarudi baadaye nisijue nilikokuwa. Bibi aliniona. Hakusema jikaze, hakusema omba. "Simama kule kwenye mgomba." Nikasimama kule, karafuu mdomoni, mkono kwenye shina la mgomba ambalo lina baridi hata saa saba mchana. Miguu ilitetemeka na nikaiacha itetemeke. Safari nyingine nilisogea hatua chache. Nyingine nilirudi nyuma kuliko mwanzo, na bibi hakuona ajabu. Vitabu vyetu vinaeleza kumkaribisha mtu kidogo kidogo kwa kinachomtisha. Bibi hajavisoma, ila amechoma vyungu maisha yake yote na anajua joto likipanda haraka chungu kinapasuka.

Niliporudi mjini niliomba ukumbi mdogo, nikaanza kufinyanga na watu wa msiba ule: wajane, mama mmoja mmoja, vijana wa bodaboda wenye makovu. Mambo nitakayosimulia nimeyachanganya ya watu kadhaa, asitambulike mtu.

Kijana mmoja vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa makovu, udongo hauwezi. Kwake nikatumia kamba. Njia hii imejaribiwa jirani kabisa na sisi: wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliitumia na wakimbizi wa Sudan, Rwanda na Somalia waliokuwa Uganda, na katika makazi ya Nakivale waliwafundisha wakimbizi wenyewe kuwa wanasihi wa wenzao, matokeo yakachapishwa mwaka 2008 na yalikuwa mazuri. Unalaza kamba chini, ndiyo maisha yako. Ua ni jambo jema, jiwe ni jambo baya, unapanga kwa mfuatano tangu kuzaliwa mpaka leo, na sehemu ya kamba inabaki imekunjwa kwa sababu maisha hayajaisha. Ndipo mnasimulia, taratibu, mnarudi kwenye mwili kila hatua.

Tulitumia kamba ya katani na mawe ya mto Morogoro. Nilitarajia jiwe kubwa liwekwe Agosti 2019. Aliweka jiwe dogo. Akapekua ndoo, akachagua kubwa kuliko yote, akaliweka mbele kidogo ya lile. Nikamuuliza hilo nini. "Hilo ni siku nimetoka wodini, nikapita kijiweni, mtu akasema huyo ndiye mmoja wa wale wezi wa mafuta."

Hapo ndipo penye kidonda cha Msamvu, na naona hatujakisema vya kutosha. Mji uliomboleza kwa mdomo mmoja na kushutumu kwa mwingine. Wameyataka wenyewe. Tamaa. Video za watu wanaungua zilizunguka kwenye simu zikiwa na mahubiri chini yake. Aliyekwenda na dumu alikwenda kwa hesabu ya mtu ambaye petroli ya dumu moja ni mapato ya siku nyingi, na aliyekwenda bila dumu akahesabiwa naye. Familia zikanyamaza. Mjane mmoja aliniambia alikuwa anawaeleza wageni kwamba mumewe alikufa kwa ajali ya pikipiki. Kiwewe kinapokaa pamoja na aibu, aibu ndiyo inayofunga mlango, na mtu anabaki ndani na moto wake. Udongo, kamba, ngoma, vyote vinaweza kumrudisha mtu mwilini. Lakini akirudi akakuta anaitwa mwizi, kwa nini asiondoke tena?

Desturi zetu zilikuwa na dawa ya hili. Kwenye msiba wa kawaida mtani anakuja, anavaa shati la marehemu, anatembea kama yeye, anadai deni, anawachekesha wafiwa mpaka wanakasirika, na katika kucheka huko kilio kinapata njia. Kola hapakuwa na nafasi ya mtani. Makaburi yalikuwa mengi mno na viongozi walikuwepo. Lakini katika kisomo cha familia moja, muda mrefu baadaye, mtani wa ukoo alifika na kofia ya pikipiki kichwani, akaanza kugombania abiria uani: "Mama panda, buku tu, nakufikisha mpaka mlangoni!" Ilikuwa sauti ya marehemu kabisa. Mjane akacheka, akamrushia kandambili, akacheka tena, kisha akaanguka kwenye mkeka akalia kilio ambacho nilikuwa nakisubiri kwa miaka. Watoto wakamsikia mama yao analia kwa ajili ya baba yao, ambaye alikuwa dereva wa bodaboda na mchekeshaji.

Kabla ya Msamvu, Morogoro ilishawahi kupokea vijana wenye majeraha ya namna hii. Baada ya mauaji ya Soweto ya mwaka 1976, serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini ardhi ya Mazimbu, lililokuwa shamba la mkonge, wakajenga shule waliyoipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Kituo chao kingine kilikuwa Dakawa, na huko walifundishana kufuma na kuchapa vitambaa. Lengo lilikuwa ufundi na kipato, sidhani kama kuna aliyeliita tiba. Hata hivyo, nikiwafikiria wale vijana wengine waliotoka moja kwa moja kwenye mikono ya polisi wa makaburu, naona kitanda cha mfumi kilifanya zaidi ya nguo. Na huko Bukavu, Kongo, katika hospitali ya Panzi ya Daktari Denis Mukwege, kuanzia mwaka 2015 wanawake waliobakwa vitani wamekuwa wakitunga nyimbo zao na kuzirekodi studio, mnasihi na prodyuza wakiwa chumba kimoja.

Niseme na tahadhari, kwa sababu siku hizi kila warsha ina kalamu za rangi. Mdundo wa ngoma unaweza kumrudisha mtu na unaweza kumpeleka. Kwa anayeondoka kirahisi naanza polepole, mwanga ukiwa umewaka, na simwambii mtu yeyote afumbe macho. Mchoro wa mtoto aliyeumia haupigwi picha ukatumwa kwa wafadhili. Na mtu asiyelala wiki nzima, au anayesema heri angekufa, simpi udongo, nampeleka hospitali, kwa sababu dawa zipo na zinafanya kazi.

Kwangu mimi, bado naondoka, mara chache, na sasa huwa najua. Chumvi naitia mara moja.

Kikundi kimeendelea, na vyungu vimekuwa vingi kuliko majiko yetu. Kuchomea mjini kulishindikana; majirani walilalamikia moshi na mjumbe akaja, kwa hiyo vijana wanavipeleka Bigwa kwa pikipiki vikiwa vibichi, vimefungwa kwenye majani ya migomba, na vingine vinafika vigae. Mkutano wa mwisho ulikuwa wa bei na jina. Wenye nia ya kuuza sokoni wanataka kila chungu kichorwe neno Msamvu kitakoni. Wajane wawili hawataki hata kulisikia: nani atapikia mboga kwenye chungu cha wezi? Yule wa kamba akasema lichorwe, tena nje, karibu na mdomo, lisomeke. Wakazozana mpaka magharibi, wakaahirisha, wakagawana nauli. Mimi sikuulizwa maoni.